Salmo, Oncorhynchus au Salvelinus: uanze na jenasi ipi kuwajua samoni na trauti?

Anayetaka kuwajua samoni na trauti hukwama mlangoni. Anafungua kitabu, anakuta samoni wa Atlantiki na trauti kahawia wamewekwa chumba kimoja, jenasi (kundi la spishi zilizo jamaa wa karibu) Salmo. Anageuza ukurasa, anakuta samoni wa Pasifiki wanaishi pamoja na trauti wa upinde wa mvua katika Oncorhynchus. Anageuza tena: "trauti wa ziwa" na "trauti wa kijito" hawamo huku wala kule. Hao ni chari, jenasi Salvelinus. Hapo wengi hufunga kitabu.

Kosa si la msomaji. Samoni na trauti ni majina ya wavuvi, hayakutungwa kueleza ukoo. Huko Ulaya samoni alikuwa yule mkubwa anayetoka baharini na kupanda mto, na trauti yule mdogo anayeonekana mtoni mwaka mzima. Wazungu walipohamia Amerika ya Kaskazini walikwenda na majina hayo, wakayabandika kwa samaki wapya waliofanana kwa tabia na wale wa kwao. Kwa hiyo jina hukudokezea namna samaki anavyoishi, tena si kila mara. Ni mtoto wa nani, hilo halikuambii. Mimi mwenyewe niliwahi kumtafsiri "trauti wa ziwa" huku kichwani nikiona trauti kahawia aliyenenepa. Nilipokuja kusoma jina lake la Kilatini, kumbe chari. Aya mbili zikaandikwa upya.

Basi swali la kuanzia ni hili: kati ya jenasi hizi tatu, ipi itakufaa kama mlango wa kuingilia? Nitazipima kwa mambo manne: alama za mwili, mwendo wa maisha, utulivu wa majina, na yale ambayo jenasi inakufundisha kuhusu mageuko ya viumbe. Jamaa zao wengine nitawapitia baadaye, kwa kuwa kuna watu ambao hao ndio hasa wanaowafaa.

Kwanza, nyumba yenyewe

Wote ni wa familia ya Salmonidae, ambayo ndani yake mna nusufamilia tatu. Salmoninae ndiyo ya samoni, trauti na chari. Coregoninae ni ya koregoni, samaki wa rangi ya fedha wenye magamba makubwa na vinywa vidogo. Thymallinae ni ya Thymallus, wanaojulikana kwa pezi la mgongoni lililo kama tanga. Asili yao wote ni nusu ya kaskazini ya dunia. Popote kusini mwa ikweta unapowakuta, walipelekwa na watu. Wote wana kijipezi kinene kisicho na miiba katikati ya pezi la mgongoni na mkia, kiitwacho pezi la mafuta, ingawa kambare wengi nao wanalo, hivyo usikitegemee peke yake.

Jambo kubwa zaidi halionekani kwa macho. Miaka kati ya milioni 80 na 100 iliyopita, jenomu nzima ya babu yao, yaani jumla ya vinasaba vyake, ilijirudufu. Uzao wake ukabaki na nakala mbili za kila jeni, na tangu hapo nakala hizo zimekuwa zikipotea, zikibadilika au zikigawana kazi. Jenomu ya samoni wa Atlantiki ilipochapishwa mwaka 2016 ilionekana wazi kwamba kazi hiyo haijaisha. Ndiyo sababu kromosomu zao zina hesabu za ajabu: trauti kahawia ana 80, samoni wa Atlantiki ana 58 au pungufu kidogo, na bado wawili hawa ni jenasi moja na huzaa machotara mtoni. Anayezoea kufikiri kwamba jamaa wa karibu lazima walingane kromosomu, hapa atalazimika kuanza upya.

Alama za mwili

Kwa anayeanza, Salvelinus ndiye rahisi kuliko wote. Chari ana madoa mepesi, ya manjano, waridi au meupe, juu ya ngozi ya giza. Salmo na Oncorhynchus ni kinyume chake: madoa ya giza juu ya ngozi nyepesi. Ongeza ukingo mweupe wa mbele kwenye mapezi ya chini, ambao kwa trauti wa kijito (Salvelinus fontinalis) umechorwa kama kwa chaki, na magamba madogo mno kiasi kwamba ngozi huonekana haina magamba. Ukimfungua kinywa, mfupa wa katikati ya kaakaa una meno upande wa mbele tu. Kwa trauti kahawia meno hayo huendelea kurudi nyuma kufuata mfupa.

Trauti kahawia (Salmo trutta) ana madoa meusi na mara nyingi mekundu yaliyozungukwa na duara jeupe, lakini mkia wake hauna madoa, au unayo machache. Trauti wa upinde wa mvua (Oncorhynchus mykiss) ana madoa mkiani kote, yamejipanga kama mistari inayofunguka, pamoja na mkanda wa waridi ubavuni. Ukiwa na samaki wawili hawa mkononi, tazama mkia kwanza. Ubavu husema uongo kulingana na umri, msimu na chakula.

Kazi ngumu iko kwa wanaokwenda baharini. Wakiwa huko wote huvaa fedha, na hapo hata mvuvi mzoefu hubabaika. Kumtenga samoni wa Atlantiki na trauti kahawia aliyetoka baharini hutazamwa mambo mawili: taya la juu la samoni huishia chini ya jicho au karibu na hapo, ilhali la trauti hulipita, na shina la mkia wa samoni ni jembamba, mkono unaweza kumshika hapo asiponyoke. Samoni halisi wa Pasifiki wana njia yao: pezi la chini lililo karibu na mkia lina vijiti (mifupa myembamba inayolitegemeza) 13 au zaidi, na trauti wa jenasi hiyo hiyo wana pungufu ya hapo. Kuhesabu vijiti vya pezi kunachosha, nakubali, lakini ndiyo alama ambayo rangi haiwezi kuidanganya.

Machotara huvuruga yote haya. Trauti kahawia akichanganywa na trauti wa kijito hutoka samaki mwenye mistari iliyojikunja kama ya chui milia. Ukimkuta huyo, acha kutafuta jenasi moja, ana mbili.

Mwendo wa maisha

Hapa Oncorhynchus huwafunika wenzake kwa msisimko, na ndiyo maana filamu za wanyama hazichoki kumwonyesha. Samoni wa Pasifiki anazaliwa mtoni, anakua baharini, anarudi, anataga, anakufa. Dume la samoni mwekundu (O. nerka) hugeuka mwekundu mwili mzima isipokuwa kichwa, ambacho huwa cha kijani, na taya likajikunja kama kulabu. Jina la jenasi lenyewe ni la Kigiriki lenye maana ya pua ya kulabu. Samoni waridi (O. gorbuscha) ameshika ratiba kali kuliko wote: kila mmoja huishi miaka miwili, hivyo waliozaliwa miaka ya shufwa na wale wa miaka ya witiri hawakutani kamwe kwenye mto mmoja. Wanaogelea maji yale yale, wanataga kwenye changarawe ile ile, na bado ni koo mbili zinazozidi kutengana kivinasaba bila ya mlima wala bahari kati yao. Mwaka mmoja tu unatosha kuwa ukuta. Mwanafunzi wa mageuko akitaka mfano wa utengano unaoletwa na wakati badala ya mahali, sijaona ulio safi kuliko huu.

Lakini usibebe kauli ya "wanataga na kufa" ukaipaka jenasi nzima. Trauti wa upinde wa mvua na trauti mwenye mchirizi mwekundu chini ya taya (O. clarkii) wanaweza kutaga, kupona na kutaga tena. O. mykiss mmoja anaweza kubaki kijitoni maisha yake yote na ndugu yake wa tumbo moja akaenda baharini, akarudi mkubwa mara nyingi zaidi na wa rangi nyingine, hata wavuvi wakampa jina lake peke yake. Samoni mwekundu naye ana matawi yaliyofungiwa maziwani, hayajui bahari, na samaki wake ni wadogo.

Salmo ni mpole zaidi. Samoni wa Atlantiki wengi hufa baada ya kutaga kwa kuchoka tu. Mwili wao haukuandikiwa kufa, na wachache hurudi baharini na kupanda mto tena. Trauti kahawia ni kinyonga: wapo wa kijito, wa ziwa, wa baharini, wala-wadudu na wala-samaki, na kizazi kimoja kinaweza kutoa zaidi ya aina moja. Mwaka 1758 Carl Linnaeus alipowapa samaki majina rasmi, alifuata makazi yao, na samaki huyu mmoja akajikuta na zaidi ya jina moja la spishi.

Salvelinus ni samaki wa maji baridi kwa maana zote mbili za neno hilo. Chari wa Aktiki (S. alpinus) ndiye samaki wa maji yasiyo ya chumvi anayefika kaskazini kuliko mwingine yeyote. Trauti wa ziwa (S. namaycush) hukua taratibu, huishi miongo kadhaa, na anapotaga hachimbi kiota kwenye changarawe kama wenzake; anamwaga mayai juu ya miamba ya ziwa yakajifiche yenyewe kwenye nyufa. Kisha kuna Ziwa Thingvallavatn huko Aisilandi. Humo chari wa Aktiki wana maumbo manne: mkubwa na mdogo wa chini ziwani walao konokono na wadudu, mwingine alaye vijidudu vinavyoelea, na mwingine alaye samaki. Yote hayo yametokea tangu barafu ilipoyeyuka, kama miaka 10,000 hivi. Kwa mageuko, hiyo ni jana asubuhi.

Utulivu wa majina

Hiki ndicho kigezo ambacho watu hukidharau kisha kinawatesa.

Oncorhynchus ndiyo tulivu zaidi katika ngazi ya spishi. Ziko kama dazeni moja, na nyingi zina majina yaliyokaa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1792 daktari Mjerumani Johann Julius Walbaum alizipa majina kwa kutumia maelezo yaliyoletwa kutoka Kamchatka, ndiyo maana spishi zake zina sauti ya Mashariki ya Mbali ya Urusi: tshawytscha, kisutch, keta, nerka, gorbuscha, mykiss. Ukizitaja kwa mara ya kwanza ulimi hugoma, ila huzoea. George Suckley alianzisha jenasi yenyewe mwaka 1861.

Mtikisiko mkubwa ulikuja mwaka 1989. Hadi wakati huo trauti wa upinde wa mvua aliitwa Salmo gairdneri, ndugu wa trauti kahawia kwa jina na kwa imani ya watu. Ushahidi wa mifupa na wa vinasaba ulionyesha kwamba yeye na wenzake wa magharibi mwa Amerika ni jamaa wa samoni wa Pasifiki, wakahamishiwa Oncorhynchus. Vilevile ilikubalika kwamba samaki wa Amerika na yule wa Kamchatka ni spishi moja, na kwa kanuni za uainishaji jina la zamani hushinda: gairdneri la 1836 likaondoka, mykiss la 1792 likabaki. Ukisoma maandishi ya kabla ya mwaka huo, kumbuka kubadilisha kichwani.

Salmo ni vurugu yenye mipaka. Mkali wa kuunganisha atakuhesabia spishi chache sana. Mkali wa kutenganisha atafika makumi. Wote wanatazama samaki wale wale: trauti wa marumaru wa mito ya Adriatiki (S. marmoratus), trauti wa Ziwa Ohrid kati ya Albania na Makedonia Kaskazini, trauti wa Ziwa Sevan huko Armenia (S. ischchan), na trauti wa milima ya Atlas, kwani Afrika nayo ina Salmo wa asili, huko Moroko na Aljeria. Mmoja wao, S. pallaryi wa ziwa moja la Moroko, ameshatoweka. Katika kisiwa cha Ayalandi, Ziwa Melvin lina trauti wa namna tatu wanaotaga sehemu tofauti na kula vyakula tofauti. Je, ni spishi tatu au moja? Jibu linategemea unalitumia neno spishi kwa kazi gani, na hapa ndipo nilipoacha kuwacheka wanaobishana. Anayetaka kulinda ziwa huona tofauti inayofaa jina. Anayechora mti wa ukoo wa bara zima huona tawi moja lenye majani mengi.

Salvelinus ni vurugu bila mipaka. Chari wa Aktiki amefungiwa katika maziwa mengi ya kaskazini na karibu kila ziwa lina mtu aliyewahi kumpa chari wake jina. Hata spishi kubwa zilikawia kutenganishwa: chari wa milimani wa magharibi mwa Amerika, S. confluentus, alichukuliwa kuwa ni S. malma mpaka mwaka 1978. Kama hupendi majina yanayotikisika, chari atakukosesha usingizi.

Yale yanayofundishwa na kila jenasi

Tafiti nyingi za DNA zinawaweka Oncorhynchus na Salvelinus karibu zaidi wao kwa wao kuliko mmoja wao alivyo karibu na Salmo. Maana yake, trauti wa upinde wa mvua ni jamaa wa chari kuliko alivyo wa trauti kahawia, ambaye kila soko la dunia linamwita mwenzake. Aliyeanza na Salmo pekee hulijua hili baadaye na hushtuka. Aliyeanza na mojawapo ya hizo mbili hulikuta njiani.

Kwa visukuku, Oncorhynchus ana hazina. O. rastrosus wa magharibi mwa Amerika alizidi urefu wa mita 2. Alipoelezwa mwaka 1972 watu walimchora na meno mawili yanayoning'inia kama ya chui wa kale; mwaka 2024 ikaonyeshwa kwamba meno hayo yalitokeza kando, mfano wa pembe za ngiri. Jenasi hii ina pia hadithi ya kunimasu wa Japani, O. kawamurae. Alitoweka Ziwa Tazawa baada ya maji yenye asidi kuelekezwa humo mwaka 1940. Lakini mayai yake yalikuwa yamepelekwa maziwa mengine miaka ya 1930, na mwaka 2010 akatambuliwa akiwa hai katika Ziwa Saiko.

Chari hufundisha namna maumbo mapya yanavyochipuka haraka. Salmo hufundisha jinsi barafu, milima na mabonde ya mito yanavyogawanya samaki mmoja kuwa wengi. Kwa ramani ya Ulaya na pembezoni mwa Mediterania, hana mshindani.

Walio nje ya mlango

Hucho na jamaa zake ni wa anayependa majitu. H. taimen wa Siberia na Mongolia ndiye mkubwa wa familia nzima; rekodi inayotajwa sana ni ya kilo 105, mto Kotui, mwaka 1943. H. hucho ni wa bonde la Danube. Parahucho wa Japani na Sakhalin alidhaniwa kuwa wa kundi hilo, na DNA ikamsogeza mbali nalo. Tatizo la majitu haya ni uchache: spishi ni chache na zimepungua.

Koregoni hawana rangi ya kuvutia macho na hiyo imewanyima sifa, jambo ambalo ni dhuluma. Katika maziwa ya Alps, hasa ya Uswisi, kila ziwa lilikuwa na spishi zake zilizogawana vina vya maji. Mbolea na maji machafu yalipopunguza oksijeni kule chini, walioishi kina kirefu walisukumwa juu, wakachanganyika na wenzao, na spishi nyingine zikayeyukia humo humo. Sijui somo zito kuliko hilo katika familia hii yote. Thymallus naye ni mlango mwepesi: ukiona tanga la mgongoni umemaliza utambuzi.

Uchague vipi

Una samaki mkononi na unataka jina tu: anza na alama za Salvelinus, kwa kuwa zinamtoa mmoja kati ya watatu kwa kutazama mara moja. Ukishamwondoa chari, mkia utakutenganishia wawili waliobaki, isipokuwa samaki awe wa fedha. Hapo hesabu vijiti na upime taya.

Unaandika kazi ya masomo na muda ni mfupi: Oncorhynchus. Majina yametulia, maandiko ni mengi, na tofauti kati ya spishi ni kubwa kiasi cha kujaza sura bila kugombana na msimamizi kuhusu orodha. Ukiwa na miaka badala ya miezi, na unapenda swali la spishi ni nini, chari wa Aktiki au trauti kahawia watakupa kazi ya maisha. Chari kama unavutwa na kasi ya mabadiliko ndani ya ziwa moja, trauti kahawia kama unavutwa na jiografia.

Unafundisha watoto au wageni kabisa: safari ya samoni wa Pasifiki huwashika wote, mradi uwaonyeshe na trauti wa upinde wa mvua anayepona, wasije wakadhani kifo ndicho kitambulisho cha jenasi. Wewe ni wa uhifadhi: sikiliza koregoni na wale Salmo wa ziwa moja moja kabla ya kukimbilia samaki maarufu.

Na kama unatafsiri au unaandika habari, usichague jenasi yoyote kwa kubahatisha. Likitokea neno trauti, tafuta jina la Kilatini kwenye maandishi ya awali uliandike kando yake. Lisipokuwepo, tazama mahali alipovuliwa: kwa samaki wa asili, kijito cha Ulaya kina uwezekano mkubwa kuwa Salmo, magharibi mwa Amerika Oncorhynchus, maziwa makubwa ya Kanada Salvelinus. Ila binadamu wamewahamisha trauti kahawia na wa upinde wa mvua karibu kila mahali penye maji ya kuwafaa, kwa hiyo mahali nako ni dalili tu, mwulize mwandishi.